Ulimi wa Beri

Kila asubuhi Mektilda alipiga mswaki huku anatembea. Hakusimama kama watu wengine, wala hakuchuchumaa karibu na ndoo. Alichukua kijiti chake, akatafuna ncha mpaka ikalainika, halafu akaizunguka nyumba polepole, na kila alipofika upande wa barabara alisimama akatazama kule vumbi linakotokea. Kama hakuna gari, alitema mate akaendelea. Kama kuna gari, kijiti kilitulia mdomoni mpaka gari lipite.

Majirani walijua sababu, ingawa hakuna aliyeitaja mbele yake. Miaka miwili nyuma, wakati wa Operesheni Vijiji, lori lilifika Mwamapalala asubuhi na mapema likamkuta anapiga mswaki. Jua halijafika utosini, paa la nyumba yake lilikuwa chini, vyombo vyake juu ya lori, na yeye mwenyewe juu ya vyombo, kijiti bado kiko mkononi. Mumewe alikwisha kufa zamani na mtoto hawakujaliwa. Akashushwa kijiji kipya kando ya Bariadi, akapewa kiwanja chenye namba, akaambiwa, hapa ndipo kwenu sasa. Hakubisha. Mektilda hakuwa mtu wa kubisha. Ila tangu siku hiyo masikio yake hayakulala, hata yeye alipolala.

Baada ya mavuno ya pamba akapata kazi kwa Bwana Hanki, Mholanzi wa visima, aliyekuwa akizunguka vijijini na landrova kutafuta maji chini ya mchanga. Nyumba ya Bwana Hanki ilikuwa ukingoni mwa mji, ya saruji na bati, na nyuma yake kulikuwa na chumba kimoja. Mektilda akahamia humo, akafua, akapika, akafagia. Bwana Hanki alikuwa mrefu, akiingia mlangoni anainama kama anayeomba radhi. Kiswahili chake kilikuwa kama ugali uliosongwa na mwanamume: unashibisha, lakini una madonge.

Siku moja alirudi kutoka safari ya Arusha, akafungua mlango wa nyuma wa landrova, kikashuka kitu. Mektilda aliyekuwa anaanika mashuka akarudi nyuma hatua tatu.

Kwanza alidhani ni mtoto wa simba. Kilikuwa chekundu kama udongo wa kichuguu, manyoya yamejaa shingoni mpaka kichwa kinaonekana kama kimechomekwa katikati ya mto wa pamba. Miguu ya nyuma ilinyooka kama ya kiti, kwa hiyo kilitembea hatua fupi fupi, kama mzee aliyevaa viatu vipya. Mkia ulikunjwa juu ya mgongo. Uso nao ulikunjamana, uso wa mtu aliyepewa habari asiyoitaka.

"Huyu mbwa, mama," Bwana Hanki akasema kwa furaha. "Mbwa mzee zana."

"Mzee? Ana miaka mingapi?"

"Hapana, yeye kijana. Miaka tatu. Ukoo yake mzee. Uchina. Miaka elfu mbili!"

Akaeleza kwamba mama mmoja Mwingereza alikuwa anarudi kwao akamwachia. Mbwa mwenyewe aliitwa Beri. Kabila lake chau-chau.

Neno hilo lilipofika mjini lilikuwa limeshaharibika. Mtoro, mtu wa Ujiji aliyekuwa akiuza katika duka la ushirika, alimpokea Mektilda kesho yake kwa kicheko, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu Mektilda! Nasikia mzungu wenu amekosa mbwa nchi nzima hii, mpaka kaagiza wa chawa-chawa!"

"Si chawa. Ni chau. Wa Uchina."

"Wachina ni ndugu zetu, wanatujengea reli huko kusini. Lakini za mbwa wao bado hatujatangaziwa." Akapima sabuni, akamsukumia juu ya meza. "Ukija naye, mwache pale kwenye mwarobaini. Mate yake yakinigusa nitajiosha mara saba, na maji yenyewe mnayajua."

Mektilda hakumpenda mbwa yule. Mbwa aliowajua yeye ni wembamba, wanakimbia mbele ya ng'ombe, wakiitwa wanakuja na tumbo chini. Huyu aliitwa akageuza kichwa, akafikiri, akalala tena. Hakubweka. Ukimtupia mfupa alikuangalia wewe kwanza. Baada ya kula alijilamba miguu kama paka. Mektilda alimwekea chakula, akaondoka upesi.

Wiki ya tatu Bwana Hanki aliamka na macho ya manjano. Mchana hakuweza kusimama. Mzungu mwenzake alikuja mbio kutoka Maswa, akamlaza kwenye gari ampeleke hospitali Mwanza. Wiki mbili tu, mwenzake alisema. Bwana Hanki alikuwa anatetemeka chini ya blanketi. Gari lilipoanza kuondoka akamshika Mektilda mkono kupitia dirishani, akajikaza aseme.

"Mama. Beri. Ulimi yake nyeusi. Zawa, mama. Zawa kabisa!"

Vumbi likafunika gari. Mektilda akabaki na ule mkono umenyooka.

Ulimi? Alimgeukia mbwa. Mbwa alikuwa amelala kivulini, na kwa sababu ya joto, kwa mara ya kwanza mdomo wake ulikuwa wazi. Mektilda akainama atazame. Ulimi ulikuwa wa bluu-nyeusi, mweusi mpaka kwenye ufizi, kama mtu aliyeshinda juu ya mzambarau.

Yeye alikulia zizini. Baba yake, kabla ya kumtoa ng'ombe kwenda malishoni, alimfungua mdomo, na Mektilda mdogo ndiye aliyeshika pembe. Ulimi wa pinki, nenda. Ulimi wenye malengelenge, bakia. Ulimi ulioiva ukawa mweusi, huyo kaumwa na nyoka, kimbia ukalete samli kabla jua halijasogea. Ng'ombe wawili aliwaona wana ulimi wa rangi ile. Wote wawili walikufa.

Na mwenyewe amesema: dawa. Dawa kabisa. Lakini dawa gani? Alipekua nyumba nzima. Alikuta vidonge vya malaria, dawa ya macho, chupa ya kitu kinachonuka mafuta ya taa. Hakuna alichoweza kusoma, maana shule yake iliishia darasa la pili. Mbwa wa watu, wa miaka elfu mbili, anakufa mikononi mwake, na mwenyewe yuko Mwanza.

Akakimbilia dukani.

"Baba Mtoro, una samli? Mbwa anaumwa. Ulimi umekuwa mweusi."

Watu wanne walikuwa wamepanga foleni ya sukari. Wote wakageuka.

"Mweusi vipi?" mmoja akauliza.

"Mweusi kabisa. Bwana amesema apewe dawa, lakini hakuacha dawa."

Mwanamisi, mke wa Mtoro, alimletea samli yake mwenyewe kwenye kikopo. Mektilda akachimba mizizi ya mlungulungu, mti wa dawa, akaitwanga, akachanganya na samli na maziwa, akamwendea Beri kutoka ubavuni, kama alivyozoea kumwendea ndama. Beri akaruka, akanguruma ngurumo nzito iliyotoka tumboni. Bakuli likaanguka. Mektilda akakaa kitako kwenye vumbi, samli kwenye kanga.

Alijaribu tena jioni. Na kesho yake. Siku ya tatu akagundua jambo. Macho ya Beri yalizama ndani ya manyoya na mikunjo, kwa hiyo mtu akija kutoka pembeni hamwoni, anashtukia mkono umeshafika. Hakuwa mkali. Alikuwa anashtuka. Hilo Mektilda alilielewa vizuri kuliko mtu yeyote Bariadi. Tangu hapo alikohoa kwanza, akaja kwa mbele, akasimama mbali kidogo, akangoja aitikiwe, kama unavyomwendea mkwe. Beri akanyanyua kichwa. Akaruhusu.

Dawa aliilamba kidogo, akakunja uso zaidi ya ulivyokunjamana, akaenda kuifukia mchangani kwa pua.

Wiki mbili zikapita, zikawa nne. Bwana Hanki hakurudi, barua haikuja. Kila asubuhi Mektilda alikohoa, akainama, akatazama ulimi. Mweusi. Akatazama macho, mazima. Akatazama sahani, tupu. Alimpa ugali wa unga wa njano na dagaa, na michembe ya viazi vikavu iliyolowekwa, na Beri alikula taratibu, akijilamba baadaye. Manyoya yalimeta. Mchana joto lilipozidi Mektilda alimlowanisha tumbo kwa kitambaa, akamchana kwa kitana kilichovunjika. Yalitoka mafungu ya manyoya mekundu yakaruka uani kama pamba iliyomwagika mnadani.

Mahali Beri alipolala ndipo palipomshangaza Mektilda. Kwanza alilala mlangoni kwa Bwana Hanki. Halafu, bila kuitwa, akahamia mlango wa chumba cha nyuma. Hakumtazama Mektilda, hakutingisha mkia. Alimpa mgongo tu, akaelekeza uso barabarani, akatulia. Gari likipita, alinyanyua sikio moja. Likishapita, alilishusha. Usiku huo wa kwanza Mektilda alilala mpaka kukacha, jambo ambalo halijamtokea tangu lile lori.

Basi asubuhi moja alikuwa anasugua masizi kwenye sufuria, peke yake, na akajikuta anamwigiza Bwana Hanki kwa sauti, kama mtu anavyomkumbuka mtu wake. "Mama, wapi zufuria? Mama, zabuni imekwisha. Mama, hii zamaki nzuri zana!" Akacheka. Kisha mkono ukasimama juu ya sufuria.

Zufuria. Zabuni. Zamaki.

Zawa.

Akakaa chini palepale. Si dawa. Sawa! Ulimi wake mweusi, sawa, mama, sawa kabisa, usihangaike. Ndivyo alivyozaliwa. Majuma yote yale alikuwa anamtafutia mzima dawa. Akamwangalia Beri, Beri akamwangalia, ulimi nje, mweusi, mzima wa afya. Mektilda alicheka mpaka machozi yakatoka. Na machozi yalipokauka ndipo hofu ikaingia. Kwa sababu maneno yake mwenyewe yalishatoka. Foleni nzima ya sukari ilimsikia. Mji mzima ulijua kwamba mbwa wa mzungu anaumwa ulimi, na aliyesema ni yeye.

Hakupata hata wiki ya kulirekebisha. Habari zilitoka Nyalikungu kwamba mbwa mwenye kichaa ameuma ng'ombe watatu na mtu mmoja, na mtu yule amekufa huku anaogopa maji. Mkutano ukaitishwa. Halafu Balozi Nyanda, balozi wa nyumba kumi za upande ule, akapita mlango kwa mlango, fimbo kwapani, akisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, bhabha. Mhola?"

"Mhola si sana. Jumatano mbwa wote josho. Bwana mifugo atawapima. Wazima watarudi na kamba shingoni, wagonjwa watapigwa risasi. Huyu wako," akamwelekezea Beri fimbo kutoka mbali, "huyu nadhani tunamjua hali yake."

"Haumwi, balozi. Nilikosea. Bwana alisema sawa, mimi nikasikia dawa."

Nyanda alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya mtu mrefu. "Sawa, dawa. Dawa, sawa. Mayu, mimi nikienda kwa Katibu wa chama nimwambie hivyo?"

"Ni mbwa wa Uchina. Uchina si nchi rafiki?"

"Rafiki sana. Nina barua inayohusu reli. Barua inayohusu mbwa sina." Akashusha sauti. "Na tukisema kweli, mwaka wa njaa watu walikula mizizi, leo mbwa anakula dagaa, ana manyoya kama koti la mkoloni. Watu wanatazama. Mimi sisemi. Watu ndio wanasema."

Siku mbili zilizobaki Mektilda alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikwenda kwa Mtoro amwombe aandike barua kwa Bwana Hanki, Mwanza. Mtoro aliandika, mwandiko mzuri wenye mikia, lakini basi la Mwanza lilikuwa limeharibika Magu. Alifikiria kumkata Beri manyoya ili afanane na mbwa wa kawaida. Alifikiria kumfunga mdomo kwa kitambaa. Alimpaka hata unga kwenye ulimi, Beri akaulamba wote, ulimi ukatokeza mweusi na kung'aa kuliko kwanza. Alifikiria kumpeleka kwa kaka yake Mashimba, aliyebaki Mwamapalala, lakini Mashimba alikwisha kumtumia neno: usiniletee mnyama mwenye ulimi wa maiti kwenye ng'ombe wangu.

Jumatano josho lilijaa. Mbwa wembamba, kamba za katani, kelele. Beri alikuja bila kamba, ubavuni kwa Mektilda, hatua fupi fupi, hamtazami mtu. Watu wakampisha.

"Simba wa chawa huyo!" mtu akapiga kelele.

"Mwambie aimbe Kichina!"

Bwana mifugo aliitwa Constantine, kijana mpole aliyevaa kaptula ya kaki. Mikono yake ilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alikuwa anamaliza upesi: mdomo, macho, mguu, nenda. Mektilda alipofika mbele alijaribu kusema yote kwa mara moja.

"Mwanangu, njoo kwa mbele. Kohoa kwanza. Haoni pembeni, anashtuka."

Lakini Constantine alishanyoosha mkono kutoka ubavuni, kama alivyofanya kwa wote. Beri akaruka na ngurumo. Mdomo ukafunguka, joto la saa saba, mate yanamdondoka, na ule ulimi mweusi ukaanguka nje hadharani.

Watu walirudi nyuma kama maji ya lambo yakitupiwa jiwe. Mwanamke mmoja aliita jina la Bikira Maria.

"Mmeuona!" Nyanda akasema. "Nilisema mimi!"

"Ndivyo alivyozaliwa," Mektilda akasema. Sauti yake haikufika mbali. "Wa kabila lake wote wako hivyo."

Constantine alijikaza. Akaja sasa kwa mbele. Akakohoa. Beri akamtazama, akatulia. Kijana akachungulia muda mrefu.

"Kondoo wenye ulimi wa bluu nimesoma," akasema polepole. "Mbwa sijasoma. Nani alikwambia ni kawaida?"

"Mwenyewe."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

"Mdomo wa mzungu asiyejua Kiswahili!" Nyanda akadakia, na watu wakacheka. "Na wewe mwenyewe, mayu, hukusema dukani kwamba mbwa anaumwa? Hukuomba samli? Au Mwanamisi kaota?"

Mwanamisi alikuwa pale, nyuma ya wengine, akatazama chini. Ilikuwa kweli.

"Nilisema," Mektilda akajibu.

Constantine akafikiri, akapangusa jasho. Mbwa mwenye kichaa, alisema, hapiti siku kumi. Huyu afungiwe hapa kwenye zizi la miiba nyuma ya josho. Siku ya kumi na moja kama yu hai, ni mzima, na atamwandikia cheti. Mektilda akatia dole gumba kwenye karatasi.

Zizi lile halikuwa na kivuli ila cha nguzo moja. Mektilda aliruhusiwa kuleta maji asubuhi na alasiri, asiingie ndani. Mlinzi wa josho alipomwekea maji, Beri aligeuza kichwa. Alikunywa Mektilda alipofika tu; Mektilda alipiga magoti nje ya miiba, akasukuma bakuli kwa kijiti, akakohoa. Siku ya kwanza Beri alikuja akitembea. Siku ya pili alikuja akiburuta miguu. Wapita njia walimtupia madongo waone ulimi. Siku ya tatu hakunyanyuka, akamtazama Mektilda kutoka palepale chini ya nguzo, macho yamezama ndani ya manyoya, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Mektilda akamrushia kitambaa kilicholowa. Kilianguka karibu. Beri akasogeza kidevu, akakilalia.

"Siku saba bado," mlinzi akasema. "Hafiki huyu. Akifa watasema unaona, alikuwa na kichaa."

Hilo Mektilda alikuwa ameshalifikiri, usiku wote, macho wazi. Masikio yalikuwa yamerudi kazini. Mlangoni hapakuwa na mgongo wa Beri.

Siku ya nne asubuhi aliinjika maharage, akapunguza kuni, akaenda na maji. Constantine alikuwa amesimama kwenye lango la zizi, karatasi mkononi. Nyanda alikaa kwenye ukingo wa josho, anatafuna muwa.

"Mwadila, mama," Constantine akatoa salamu ya mchana, ingawa bado ilikuwa asubuhi. Hakuwa na raha. "Mama, mimi niliandika siku kumi. Wewe uliona. Lakini huko juu wamesoma pale mwanzo tu, mbwa mwenye ulimi mgonjwa. Mgambo wanakuja na bunduki leo hii. Risasi zimeletwa mara moja kwa wote, hawawezi kurudi tena kwa mbwa mmoja."

"Lakini siku kumi."

"Najua."

"Nilitia dole."

"Najua, mama."

Mektilda akaweka ndoo chini. Kutoka upande wa mji ilisikika injini, mbali bado, inapanda na kushuka. Ilikuwa lori. Alizijua injini za lori. Zamani alipoisikia sauti ile alisimama na kijiti mdomoni mpaka walipomfikia, wakapanda juu ya nyumba yake, na hakusema neno, na hakusogea, akidhani mtu akitulia sana pengine hataonekana. Safari hii akashika tawi la miiba lililoziba lango, akalivuta. Miiba ilimchana kiganja. Akalivuta tena.

"Mayu," Nyanda akasema, muwa mdomoni. "Mayu, unafanya nini?"

Mektilda akaingia ndani, akakohoa, akaja kwa mbele. Akamnywesha Beri kwa kiganja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji na damu ya miiba vikachanganyika kwenye ule ulimi mweusi. Beri akanyanyuka, miguu ya nyuma kwanza, halafu ya mbele. Akajikung'uta. Akasimama ubavuni kwake.

"Constantine!" Nyanda akafoka. "Mzuie! Wewe ndiye serikali hapa!"

Constantine alikuwa ameinamia karatasi yake, anaisoma kutoka juu mpaka chini kama mtu aliyeipokea sasa hivi. Hakunyanyua macho.

Nyanda akasimama, lakini mbwa alipogeuza kichwa na kufungua mdomo kwa joto, akakaa tena. "Sikiliza, mayu. Hasira hasara. Hapa una kazi, una kiwanja, una watu. Ukivuka hapo na huyo mnyama, usirudi. Sina barua ya utambulisho ya kukupa, na popote utakapofika watakuuliza barua. Kiwanja chako nitampa mtu mwingine. Umenisikia?"

"Mpe," Mektilda akasema.

Akavuka. Hakushika njia ya nyumbani. Alipita nyuma ya kiwanda cha pamba, pale njia ya ng'ombe inapoingia mbugani, yeye mbele nusu hatua, mbwa ubavuni, hakuna kamba kati yao. Alikwenda mwendo wa Beri, hatua fupi fupi, ingawa lori lilikuwa limeshafika kwenye josho na watu walikuwa wanaruka chini. Mtu mmoja alipiga kelele, lakini hakuna aliyepiga risasi. Waliokuwepo wanasema aligeuka mara moja tu, si kutazama watu, bali kumwangalia mbwa kama anaweza kuendelea.

Katika chumba cha nyuma maharage yalikuwa bado yanatokota. Mwanamisi ndiye aliyesikia harufu ya kuungua alipopita na kuni zake. Akaingia, akaepua, akaongeza maji kidogo, akafunika na sahani, ili mwenyewe akirudi ayakute. Hakurudi jioni ile, wala kesho yake, wala mvua za kupandia pamba zilipoanza.